Karani wa Bwana Ndiyo

Siku hizi kazi aliyoifanya Absalom Barasa ina jina refu. Ina ofisi yenye zulia, ina kiti kinachozunguka, na mwenye kuifanya hufunguliwa mlango wa gari na mtu mwingine. Mwaka wa 1956, katika shamba la kahawa la Kamutiini, kati ya Ruiru na Thika, kazi hiyo haikuwa na jina wala kiti. Ilikuwa na benchi lililovunjika mguu mmoja, likaegemezwa debe. Aliyekaa juu yake aliitwa Karani, kana kwamba kazi yake ilikuwa kuandika. Kuandika! Kuandika ndiko kulikokuwa kupumzika kwake.

Kazi yake hasa ilikuwa Bwana.

Mzungu aliyesimamia shamba alikuwa na jina lenye herufi nyingi kuliko zilizohitajika, nusu yazo hazitamkwi, kwa hiyo watu wa laini, vile vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa mistari miwili kando ya mto, walimpa jina jingine: Bwana Ndiyo. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Mtu mkali unajua pa kumkwepea. Huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia kuuona uso wa mtu aliyekataliwa. Umwombe koti kuukuu, ndiyo. Umwombe ruhusa ya wiki mbili katikati ya mavuno, ndiyo, ndiyo, mzuri sana. Waje watu watatu kuomba lori moja kwa siku moja, kwenda pande tatu, wote walitoka pale verandani wamefurahi, na Bwana akaingia ndani kunywa chai akiwa amefurahi kuliko wote. Kufikia kijiko cha pili cha sukari alikuwa ameshasahau.

Aliyebaki bila furaha alikuwa Absalom.

Alikuwa amekuja mwaka wa 1953 kutoka Kimilili, na cheti cha darasa la nane na mwandiko ulionyooka kama mistari ya mibuni. Miezi mitatu ya kwanza nusura atoroke. Aliitwa mwongo na watu ambao hakuwa amewaahidi hata sindano. Ndipo akachukua daftari jeusi, na asubuhi moja, watu walipokwisha kupanga foleni ya kuhesabiwa pale kwenye chuma cha reli kinachogongwa alfajiri, akatangaza sheria. Kuanzia leo, yeyote aliyepewa ndiyo na Bwana aje aiandikishe jioni, na aje na shahidi aliyeisikia kwa masikio yake mwenyewe. Asiye na shahidi haandikwi. Asiyeandikwa hana.

Watu walinung'unika siku mbili, siku ya tatu wakaanza kwenda kwa Bwana wawili wawili.

Jambo la pili alilivumbua kimya kimya. Kila siku kabla ya mapambazuko alizichambua zile ndiyo zote: hii leo, hii mwezi ujao, hii haiwezekani hata mbinguni. Kisha akasimama mbele ya foleni na kusema maneno mawili. "Bwana amesema." Bwana amesema lori lianze na mzigo wa kahawa, ndipo liende kuchukua kuni. Bwana amesema likizo ya fulani isubiri kahawa ya mwisho ianikwe. Bwana hakuwa amesema kitu. Bwana alikuwa amelala. Lakini jioni Absalom alimweleza, "Kama ulivyosema, Bwana, lori lilianza na kahawa," naye Bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika, "Ndiyo, ndiyo. Mimi nasema hivyo," akiamini kabisa.

Miaka mitatu shamba lilikwenda namna hiyo. Wazungu wa mashamba jirani walikuja kunywa kwa Bwana wakamsifu kwamba ana kichwa cha kupanga mambo. Absalom aliyasikia hayo akiwa amesimama pembeni, daftari kwapani.

Kulikuwa na "Bwana amesema" moja aliyoipenda kuliko zote. Mwaka ule Dharura, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, ilikuwa haijaisha bado. Waceke, kiongozi wa wachumaji, na wanawake wenzake arobaini walikuja kuchuma kahawa kutoka kijiji cha upande wa Gitothua, kimoja cha vile vilivyochimbiwa handaki na kutiwa miti iliyochongwa, chenye lango moja. Saa kumi na mbili jioni lango lilifungwa, na mwanamke aliyekutwa nje akawa wa askari kumfanya watakavyo. Bwana alikuwa amewaahidi lori la kuwarudisha kila siku. Alikuwa pia amemwahidi mtu mwingine kwamba hakuna mchumaji atakayeondoka kabla ya kumaliza mstari wake. Ahadi zote mbili kwa moyo mweupe, siku moja. Absalom akasimama na kusema, "Bwana amesema kupima madebe ya kahawa kutafungwa saa tisa na nusu, uwe umemaliza, usiwe umemaliza." Tangu siku hiyo hakuna aliyefungiwa nje.

Sasa tuje kwenye habari ya nyumba.

Juu kidogo ya kiwanda cha kumenyea kahawa palikuwa na nyumba ya mawe, vyumba viwili, paa la mabati, jiko lenye bomba la moshi, na pipa la kukingia maji ya mvua. Humo alikaa fundi wa mitambo, Mhindi, hadi alipohamia Thika mjini kufungua karakana yake. Absalom yeye alikaa laini, chumba kimoja na wanaume wawili wanaokoroma kwa zamu. Mke wake Nafuna alikuwa Kimilili na mtoto wao Nekesa, na katika miaka mitatu alikuwa amewaona mara mbili. Mara ya pili mtoto alimkimbia.

Mwezi wa nane, wakiwa wawili tu ndani ya pikap wakitoka Ruiru, Bwana aliitazama ile nyumba tupu na kusema, "Karani, hii nyumba ya fundi. Wewe leta bibi yako. Kaa hapa."

"Kweli, Bwana?"

"Ndiyo, ndiyo! Mimi nasema."

Absalom, mtu aliyekuwa ameona ahadi za Bwana zikifa kwa mamia, aliyekuwa na daftari zima la makaburi yazo, aliamini. Usicheke. Aliandika barua jioni ile ile. Nafuna akajibu kwamba atavuna mahindi kwanza, aache shamba kwa shemeji yake, apande gari la moshi mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Katika muda huo wote Absalom hakuiandika ahadi yake kwenye daftari. Hakuwa na shahidi. Na hata angekuwa naye, aliona aibu. Mtu mwenye kalamu ajiandikie nyumba? Watu wangesema nini?

Jumatatu ya wiki ambayo Nafuna angefika Ijumaa, jioni, Makau alikuja kwenye benchi.

Makau alikuwa nyapara mkuu, Mkamba wa Mwala, mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye koti la jeshi ambalo hakulivua hata jua la saa saba. Nyuma yake alikuwa na watu wawili.

"Karani, niandikie."

"Nini, Mzee Makau?"

"Nyumba ya mawe. Jana Bwana amenipa."

Kalamu ya Absalom ilidondosha wino. "Nyumba gani ya mawe?"

"Ziko ngapi? Ile ya fundi. Na hawa hapa ni mashahidi. Kaleli wa lori alikuwa anapima hewa ya tairi, na huyu alikuwa anafagia. Au wawili hawatoshi siku hizi?"

"Wametosha," Absalom alisema. Angesema nini? Sheria ilikuwa yake. Aliwahi kumkatalia mjane blanketi kwa sababu shahidi wake alikuwa mtoto wa miaka mitano. Akaandika: Makau, nyumba ya fundi. Mwandiko wake haukunyooka siku hiyo. Ulikuwa kama umetoka kilabuni.

Jumanne alimvizia Bwana akitoka kuoga.

"Bwana, habari ya ile nyumba."

"Ah! Nyumba!" Bwana aling'aa. "Mimi nasema Makau pata. Yeye mzee, kazi mingi. Wewe andika?"

"Nimeandika, Bwana. Lakini mwezi wa nane, ndani ya pikap, Bwana alisema..."

"Mwezi wa nane?" Alisema kama mtu anayeulizwa habari za Nuhu na safina. "Iko kwa daftari?"

"Haiko, Bwana."

"Ah." Akampiga Absalom begani kwa upendo. Upendo wa kweli, hilo ndilo lililomchoma. "Karani, wewe mzuri sana. Hawa wote nasumbua mimi, nataka hii, nataka ile. Wewe hapana. Miaka tatu, wewe hapana omba kitu hata moja. Wewe hapana shida!" Akaenda zake akipiga mluzi, mbwa wawili nyuma yake.

Absalom alibaki amesimama. Wewe hapana shida. Hivyo ndivyo anavyolipwa mtu aliyeifanya kazi vizuri mno! Akiziba kila tobo, anayeishi ndani hujua tu kwamba paa halivuji. Haulizi ni mgongo wa nani ulio juu yake.

Basi akaamua kushuka kutoka paani.

Jumatano asubuhi alihesabu watu, akafunga daftari, akasema, "Leo Bwana hajasema kitu. Mwenye neno lake aende verandani."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Karani, wewe ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Nendeni."

Walikwenda. Waliokuwa na ndiyo za mwezi mzima walimiminika verandani, na Bwana akawapokea kwa mikono miwili. Absalom alikaa kwenye benchi lake akichonga penseli. Alichonga penseli moja hadi ikawa ya kushikwa kwa kucha.

Ikafika saa nne, mambo yakawa mambo. Lori lilikuwa la timu ya mpira, iliyotaka kwenda Thika kucheza na vijana wa shamba la mkonge. Lilikuwa pia la waimbaji wa kanisa, waliotaka kufika msibani Gatuanyaga. Na lilitakiwa kuteremsha kahawa mbichi kutoka mashamba ya juu hadi kiwandani, maana kahawa iliyochumwa leo humenywa leo. Ikilala na ganda lake inachacha, na ikichacha ni uji wa nguruwe. Kaleli dereva alikuja benchini mikono kichwani.

"Karani, kwa jina la Mungu! Nimepewa ndiyo tatu na lori ni moja! Niende wapi?"

"Muulize Bwana."

"Nimemuuliza! Amesema ndiyo!"

"Basi umejibiwa."

Kaleli alishusha mikono. "Wewe una roho mbaya leo, ndugu yangu," akasema, akaenda. Watu wa mpira, kwa kuwa walikuwa vijana na walikuwa wengi, walikuwa tayari wameshapanda lori.

Nyapara wawili waligombana kuhusu watu ishirini ambao kila mmoja aliahidiwa. Mpishi wa Bwana alikwenda likizo palepale, na aproni yake. Absalom alisikia kelele zote hizo na, nisiseme uongo, kuna kitu ndani yake kilichopigiwa ngoma. Aone! Aone mwenyewe! Bwana hakuona. Saa saba alikula mayai baridi, akasema leo watu wamechangamka, akaenda kulala.

Saa kumi Absalom aliinua macho. Waceke alikuwa amesimama mbele ya benchi, kikapu cha kuchumia bado kiunoni. Nyuma yake, chini ya miti ya grevilea, wanawake walikuwa wakianza kukusanyika wenyewe, bila kuitwa, wakitazama barabara.

"Karani. Lori liko wapi?"

Absalom aliitazama barabara tupu. Alikuwa amesahau. Alimkasirikia mtu mmoja vizuri kiasi cha kuwasahau arobaini.

"Liko... limekwenda Thika."

"Thika." Waceke hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Kwa mguu ni maili nane. Mwenzangu mmoja ana mimba ya miezi saba. Bwana amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Kĩ? Eti hajasema? Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Kila siku Bwana amesema, Bwana amesema, kama kasuku wa duka la Mhindi. Wewe huna mdomo? Umesema nini wewe?"

Absalom alisimama. Benchi likaanguka, na debe lake. Alikimbia hadi kiwandani, alipokuwa Makau na watu wake wakingoja kahawa isiyofika, na huko, akitweta, alisema uongo mkubwa kuliko wote wa miaka mitatu.

"Bwana amesema trekta lifungwe tela sasa hivi, liwarudishe wanawake! Bwana amesema kupima kumekwisha! Bwana amesema wanaume wote wapande mashamba ya juu, kila mtu ateremshe gunia lake la kahawa kichwani, mashine isisimame!"

Makau alimtazama. Kulikuwa na jambo machoni mwake ambalo Absalom hakuwa na nafasi ya kulisoma. Halafu yule mzee akavua koti lake la jeshi, kwa mara ya kwanza watu walimwona na mabega, akalitundika kwenye msumari.

"Mmesikia?" akanguruma. "Bwana amesema! Twendeni!"

Tela liliondoka saa kumi na nusu kasoro. Absalom alipanda nalo mwenyewe, amesimama, ameshikilia kingo. Lango lilikuwa bado wazi, askari mmoja akitazama saa yake kwa masikitiko ya mtu aliyenyimwa kitu. Waceke alikuwa wa mwisho kushuka. "Umechelewa kusema," alimwambia, "lakini umesema." Akaingia ndani.

Kahawa iliyoteremshwa kwa vichwa ilimenywa yote. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya Absalom: hata uasi wake alilazimika kuusafisha mwenyewe. Bwana alipoamka alikuta kila kitu mahali pake. "Siku mzuri," akasema.

Ijumaa saa tisa alasiri gari la moshi lilisimama Ruiru. Nafuna alishuka na sanduku la bati, kuku wawili waliofungwa miguu, kifurushi cha mbegu za mahindi, na Nekesa mgongoni amelala. Alikuwa amekonda, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa na masizi ya safari nzima kutoka Bungoma.

"Baba Nekesa."

"Mama Nekesa. Mmesafirije?"

"Tumesafiri. Nyumba iko mbali?"

Maili tatu za njia ile Absalom alizungumza juu ya kila kitu chini ya jua isipokuwa hilo. Alieleza mibuni. Alieleza reli. Alimweleza hadi habari ya aina za kunguru. Nafuna alimwacha aseme. Walipofika mahali ambapo njia inagawanyika, moja kushuka laini, nyingine kupanda kwenye nyumba ya mawe, aliweka sanduku chini na kulikalia.

"Sasa niambie. Mtu hasifu kunguru bure."

Akamwambia. Mwezi wa nane, pikap, Makau, mashahidi wawili, daftari. Alimwambia yote akiwa amesimama, kama anayesoma mbele ya foleni. Nafuna alisikiliza, kuku wakilalamika miguuni pake.

"Yaani," alisema, "umeandikia watu wote wa hapa, ukamsahau mke wako."

"Sikusahau! Sikuwa na shahidi!"

"Na huyo Makau ulimwomba?"

"Nimwombe nini? Bwana amesem—"

"Sikuuliza Bwana. Sikuja kwa Bwana. Nimeuza mbuzi wangu watatu kuja hapa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa Bwana."

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye bomba la ile nyumba. Makau alikuwa amehamia asubuhi, na mali yake yote: kitanda, baiskeli, na koti. Alikuwa ameketi mlangoni akila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria alipowaona wakipanda, mwanamume na sanduku kichwani, mwanamke na mtoto na kuku.

"Karibuni. Hao ni wageni wa nani?"

Njiani Absalom alikuwa ameandaa maneno. Yalikuwa mazuri. Yalianza na "Bwana amesema," kwamba Bwana ameona nyumba ina vyumba viwili, kwamba Bwana amefikiria upya, na Jumamosi angemweleza Bwana alivyofikiria, naye Bwana angekubali kwamba alifikiria. Lingekuwa jambo la dakika tano. Alifungua mdomo. Nafuna alikuwa ubavuni pake, akimtazama usoni tu.

"Mzee Makau," akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Bwana hajasema kitu."

"Eh?"

"Bwana hajui hata kama tuko hapa. Ni mimi. Huyu ni mke wangu, huyu mtoto wangu. Bwana aliniahidi nyumba hii kabla yako, lakini sina shahidi, na sikuiandika. Nyumba ni yako kwa sheria. Mimi nakuomba chumba kimoja. Ni mimi ninayeomba."

Makau aliweka sufuria chini. Akaanza kucheka, polepole, kutoka mbali, hadi akashika mlango.

"Aiya! Karani! Kumbe una mdomo wako! Miaka mitatu nangoja kuusikia!"

"Unacheka nini, Mzee?"

"Jumatano! Nilipita dirishani kwa Bwana saa kumi. Amelala na soksi, mdomo wazi, nzi anatembea. Nikashuka kiwandani, nakukuta unapiga kelele Bwana amesema, Bwana amesema. Amesema na nani? Na nzi?"

Absalom alihisi masikio yakichemka. "Ulijua?"

"Nani hajui? Mwaka juzi ulituambia Bwana amesema tusipogoe, tungoje mvua. Bwana alikuwa Mombasa! Watu wote wa laini wanajua. Hata ng'ombe."

"Na mkanyamaza?"

"Tuseme ili iweje? Bwana akisema, mambo yanaharibika. Wewe ukisema Bwana amesema, yanakwenda. Nani mjinga wa kukiharibu kitu kama hicho?" Akafuta machozi kwa mkono wa koti. "Lakini ungekuja hapa leo na hiyo Bwana amesema yako, wallahi ningefunga mlango. Ningesema, mlete Bwana mwenyewe na soksi zake."

Nafuna, aliyekuwa amesimama muda wote huo na mtoto mgongoni, aliuliza kwa utulivu, "Kwa hiyo ni ndiyo au hapana?"

Makau alimtazama kwa heshima mpya. "Mke wangu hatoki Mwala mpaka apande, avune, na agombane na mama yangu. Hiyo ni mwaka mzima. Chukueni chumba kikubwa, chenye jiko. Mimi cha nyuma. Lakini chakula kinapikwa, nami nakula. Nimechoka kupika kama mjane. Na mtoto asiguse baiskeli."

"Nimekubali," Nafuna alisema.

"Na iandikwe. Sitaki kesho Bwana amwahidi mtu wa tatu."

Absalom alitoa daftari. Alitafuta ukurasa wa Jumatatu, penye ule mwandiko mlevi, akaandika jina lake chini ya la Makau. Alipofika palipoandikwa shahidi, kalamu ikasita.

"Andika Nafuna," mke wake alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Jumamosi asubuhi, baada ya chuma kugongwa na watu kuhesabiwa, Bwana alifika na mbwa wake. Akatazama juu, kwenye bomba la moshi, ambako sasa palisikika pia mtoto akilia kwa sababu ya baiskeli.

"Karani. Nani iko kwa nyumba ya fundi?"

"Makau, Bwana. Na mimi na familia yangu."

Bwana alikunja paji la uso, akitafuta kichwani mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Mimi nasema hivyo?"

Foleni nzima iligeuka kumtazama Absalom. Makau alikohoa ndani ya kola. Lilikuwa jambo rahisi. Absalom alikuwa ameshalifanya mara mia tano.

"Hapana, Bwana. Mimi nimesema."

Bwana alimtazama, kisha uso wake ukafunguka, maana huo haukuwa uso wa mtu anayekataliwa, na hilo pekee ndilo lililomhangaisha duniani.

"Ndiyo, ndiyo," akasema. "Mzuri sana." Akageuka aende kunywa chai, akasimama, akamkumbuka Kaleli. "Ah, Kaleli! Kesho lori wewe peleka watu ya kanisa. Na ile watu ya mpira pia nasema ndiyo."

Absalom alifumba macho. Akahesabu hadi kumi kwa Kibukusu cha kwao, akafungua daftari jeusi, na akalamba ncha ya penseli.